Chambo Usichoweza Kukiacha

Ikifika Aprili, mwanangu, kuna siku moja hunirudia hata nikikataa kuikumbuka. Naweza kuwa nakata vitunguu, au nimekaa kwenye treni ya Saltsjöbanan naelekea mjini, mara naiona mikono ya mume wangu juu ya maji, na moyo unaanza kwenda mbio kana kwamba jambo lenyewe linatokea sasa hivi. Wewe umenitumia picha ya fimbo yako mpya ya kuvulia, ukaniuliza kwa Kiswidi chako ununue chambo gani cha kuvulia samaki wa abborre. Nitakujibu. Ila nivumilie kidogo, kwa maana swali lako na siku ile, kwangu mimi, havitengani.

Nilikuwa bado bibi harusi. Nilikuwa nimetoka Machakos msimu wa majani kupukutika, kumfuata Mutua, aliyesomea huku Uswidi na kupata kazi ya uhandisi. Tulipanga nyumba mtaa wa Fisksätra, na dirisha la jikoni lilituonyesha kipande cha maji katikati ya majengo. Wanaume wengine wa kanisani walipenda mpira. Wangu alipenda samaki. Kila Jumamosi tulishuka kwenye miamba iliyo chini ya nyumba, na mara nyingi tulikwenda na jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mama Neema, mjane wa Kikongo kutoka Uvira. Yeye hakuja kuvua. Alikuja na chupa ya chai, akakaa juu ya blanketi, na wale samaki ambao Mutua aliwaona wadogo mno kwa heshima yake, yeye aliwachukua akawakaanga. Alikuwa mpole kiasi kwamba akiomba kanisani ilibidi watu wainamishe vichwa ndipo wamsikie. Upole wake huo uweke akilini, maana utashangaa kama nilivyoshangaa mimi.

Vyambo vya Mutua vilikuwa vya aina ambayo Waswidi wanaiita spinnare. Ni kijiti cha waya chenye ndoana nyuma na kibati pembeni. Ukivuta uzi, kibati kinazunguka na kumetameta, na samaki anadhani ni kidagaa kinachokimbia. Alikuwa navyo kisanduku kizima, vya shaba, vya dhahabu, vyeusi vyenye madoa. Lakini kimoja ndicho kilikuwa mpenzi wake: kikubwa, cha rangi ya fedha, chenye manyoya mekundu kwenye ndoana. Wiki moja kabla kilimpa abborre mnene, mwenye milia mgongoni na mapezi mekundu, nikamkaanga na nyanya tukala mpaka tukafyonza miiba. Tangu hapo hakugusa kingine. Alikipangusa kwa kitambaa. Kazini aliwaonyesha watu picha yake. Nami nilicheka, mwanangu, kwa kuwa mwanamume anayependa kibati ni afadhali kuliko anayependa mengine.

Siku ile jua lilikuwa kali, na Mama Neema alikuwa nasi. Barafu ilikuwa imeondoka juzijuzi, maji yamekaa kimya kama kioo, na mtu angeweza kudanganyika kwamba kumeshakuwa kiangazi. Mutua alirusha mara kadhaa bila kupata kitu. Kisha uzi ukakaza. Akafurahi, akavuta, lakini uzi haukutetema kama unavyotetema samaki akiwa upande wa pili. Chambo kilikuwa kimenasa kwenye tawi lililozama. Tuliliona wote, si mbali, na kibati kiling'aa pale chini kama kinatuita.

"Kata uzi," nikamwambia.

"Nikate? Nduku, si nakiona pale! Hatua chache tu."

"Si unavyo vingine?"

"Vingine si hiki."

Akavua viatu. Hadi leo naviona. Aliviweka sambamba, visigino pamoja, kama mtu anayeingia sebuleni kwa watu. Akavua koti akanipa. Akaanza kushuka mwambani huku ameshika uzi kwa mkono mmoja, na maji yalipomfika magotini akageuka akanichekea, kunionyesha kwamba hakuna neno. Akapiga hatua nyingine. Mwamba uliishia pale. Akatoweka.

Mimi nilidhani mtu anayezama hupiga kelele. Nilikuwa nimekua nikidhani hivyo. Mutua aliibuka kinywa wazi, macho wazi, na sauti haikutoka. Alikuwa akihema kama mtu aliyepigwa tumboni. Alijua kuogelea! Shuleni alikuwa akishindana. Lakini kwa baridi ya maji yale mikono yake ilipigapiga ovyo kama mikono ya mtoto mchanga, na kila pumzi aliyovuta ilikuja na maji. Mimi nilisimama na koti lake kifuani. Kisha miguu ikaamka, nikakimbilia majini.

Mkono ukanidaka shingoni, kwenye skafu, ukanivuta nyuma nikaangukia makalio.

"Usiingie!" Ni Mama Neema. Sauti ile sikuijua ilitoka wapi. "Mutakufa wawili! Kimbia, leta ile duara! Ile ya kule!"

Kwenye gati la maboti kulikuwa na boya la kuokolea, lile duara la rangi ya machungwa ambalo nilikuwa nimelipita kila wiki bila kuliangalia. Nilikimbia. Niliporudi, Mama Neema alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, gauni lake la kanisani limelowa, anamnyooshea Mutua fimbo ya kuvulia na kumwambia maneno kwa Kibembe, lugha ya kwao, taratibu, kana kwamba anambembeleza mtoto alale. Mutua aliigusa fimbo lakini vidole havikukunjika. Nikarusha boya. Likaenda kando. Nikalivuta, nikalirusha tena, na safari hii akapitisha kiwiko ndani. Tukavuta. Bwana mmoja wa Kiswidi aliyekuwa akitembeza mbwa akaja mbio, akashika kamba pamoja nasi, huku anapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Tulimtoa. Midomo ilikuwa ya buluu, meno yanagongana. Mama Neema akamvua shati lililolowa, akamfunika blanketi lake, akafunga ncha kwa uangalifu chini ya kidevu. Kisha akanyanyua mkono, akampiga kofi.

Mwanangu, kofi lenyewe! Mbwa alibweka. Yule bwana wa Kiswidi alirudi nyuma hatua. Nami niliyekuwa nimeona mume wangu akipotea majini, niliduwaa zaidi kwa kofi lile kuliko kwa yote yaliyotangulia, maana mkono ule haukuwahi kumfukuza hata nzi kwa nguvu.

"Weye mutoto," akasema, sauti imerudi kuwa ndogo, "unafuata chuma mu maji? Chuma?" Akaanza kulia. "Kaka yangu aliingia mu ziwa kufuata wavu wetu. Ulikuwa wavu mupya. Wavu tuliupata."

Wala hakuna aliyemwuliza kaka je. Mutua alimtazama, naye akalia, machozi yakachanganyika na maji yaliyokuwa yakimtiririka nyweleni. Gari la wagonjwa lilipokuja alimshika Mama Neema mkono, ikabidi wahudumu wamwachishe.

Alipona. Walimpasha moto hospitali, wakamweka chini ya uangalizi, kisha wakaturuhusu. Lakini asubuhi moja, tukinywa chai, akaniuliza, "Nduku, hivi nilikuwa nakwenda kuchukua nini?" Hakuuliza kwa mzaha. Alitaka kweli nimwambie. Mhandisi mzima, mtu wa kupima kila jambo, hakuweza kuelewa ni nani yule aliyevua viatu vyake akashuka. Na hili ndilo bado linanitia baridi kuliko maji yenyewe: kwamba haikuhitaji mjinga wala mlevi. Ilihitaji tu kitu kidogo alichokipenda kupita kiasi.

Kiangazi kilipoingia, Mutua akatamani tena kuvua. Mama Neema akasema yeye mwenyewe atafuatana nasi dukani. Mle ndani vyambo vilikuwa vimening'inia ukuta mzima, na mkono wa Mutua ukaenda moja kwa moja kwenye kikubwa cha fedha. Mama Neema akakitazama, akamtazama na yeye.

"Hiki kikipotea, utakilia?"

Mutua akafikiri. Kweli alifikiri. Akakirudisha ukutani, akachukua viwili vidogo vya shaba, vinavyofanana, visivyo na lolote la kutangaza.

Sasa nikujibu. Kwa abborre na wale samaki wadogo wa kikaangoni, chukua chambo kidogo, kisichozidi kidole chako cha mwisho. Kibati cha duara huzunguka hata ukivuta polepole, kwa hiyo ndicho cha maji yaliyotulia na ya baridi, samaki wakiwa wazito wa kuogelea. Kibati chembamba kirefu hushuka zaidi, ndicho cha maji yenye mkondo. Kukiwa na mawingu au maji ya kahawia, tumia shaba au dhahabu. Jua likiwaka na maji yakiwa meupe, tumia fedha. Funga kile kipingili kidogo cha chuma kinachozunguka kati ya uzi na chambo, la sivyo uzi utajisokota mpaka utukane. Ukiona hakizunguki, usikilaumu, vuta haraka kidogo tu.

Lakini hayo hata muuza duka atakwambia. Langu mimi ni hili. Nunua chambo ambacho uko tayari kukiacha. Nunua kwa jozi, ili kisiwepo cha pekee cha kukupofusha. Beba mkasi mfukoni, na kikinasa, ukate uzi kabla hujaanza kukihesabia hatua. Ukifika mahali pa kuvua, tafuta kwanza boya la kuokolea liko wapi, ndipo ufungue kisanduku chako. Usiende peke yako maji yakiwa bado baridi, na ukimwona mwenzako ameingia, usimfuate. Mrushie kitu ashike. Na si samaki tu ninaowasema. Kuna kazi, kuna gari, kuna mtu, vitang'aa mbele yako vikiwa vimenasa, na utasema ni hatua chache tu. Siku hiyo, mwanangu, jiulize unakwenda kuchukua nini.

Mungu akujalie samaki wa kutosha chungu chako na cha jirani. Akupe mwenzi wa kukaa nawe mwambani, mwenye mkono mwepesi wa kukuvuta skafu. Akulinde dhidi ya maji ya Aprili, na kila jioni akurudishe nyumbani soksi zako zikiwa kavu. Amina.