Zamu ya Kuipa Reli Mgongo

Reli haijawahi kufika Nyamira, na kwa jinsi ninavyowajua wanaopanga mambo, haitafika nikiwa hai. Hilo halijanizuia kupenda treni. Baba yangu alikuwa dereva wa treni huko Kisumu, nikakulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako vichwa vya treni vya dizeli vilinguruma nyuma ya jikoni letu kutwa nzima. Nilivitambua kwa sauti kabla sijajua kusoma. Baba alipostaafu tulirudi nyumbani kwenye majani chai na migomba, na kimya cha huku kikanisumbua masikio kwa muda mrefu.

Nikawa mwalimu, nikaoa, nikazeeka. Mtu wa kuzungumza naye habari za treni sikumpata. Ukianza kumweleza mtu wa Keroka tofauti ya kichwa hiki na kile, atakuitikia kwa adabu, halafu atakuuliza bonasi ya chai imekujaje mwaka huu. Siwalaumu. Lakini kupenda kitu ambacho hakuna mwingine anayekipenda kunachosha, hasa kama wewe ni mtu mwenye maneno mengi kama mimi.

Kisha siku moja nilikuwa dukani kwa Mhindi mmoja pale Keroka, nachagua misumari. Lori lilikuwa likihangaika nje na mzigo wa mbao. Mwenye duka akainua kichwa.

"Hiyo sauti kama treni ya Muhoroni ikianza kupanda," alisema, akijisemea tu.

Niliweka misumari chini. Kumbe alizaliwa Muhoroni, duka la baba yake likitazamana na steshini. Tulizungumza mpaka wateja wakaanza kununa. Tangu siku hiyo mimi nilimwita Bhai, yaani ndugu kwa Kihindi, naye akaniita Mwalimu.

Jumamosi ni Sabato kwangu, kwa hiyo siku yetu ilikuwa Jumapili. Tulipanda pikapu yake hadi Koru, tukaketi kwenye ukingo wa reli kati ya mashamba ya miwa, tukasubiri treni ya mizigo kutoka Kisumu. Tulikuwa na mchezo wetu. Mmoja anaipa reli mgongo, mwingine anakuwa shahidi. Aliyegeuka anasikiliza, anainua mkono, anataja kichwa kinachovuta treni. Shahidi anakiona, lakini haruhusiwi kufungua mdomo mpaka behewa la mwisho lipite. Jumapili inayofuata tunabadilishana. Bhai alikuwa mkali kuhusu zamu kuliko karani wa mahakama, na akishindwa, hanisemeshi njiani kurudi mpaka tufike Kericho.

Kichwa kimoja tulikipenda kuliko vyote. Kilikuwa kikuukuu, rangi imechujuka, na kila kilipoanza kupanda mlima kilikohoa mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa kikohozi. Mimi nilikipa jina, Mama Mkwe. Sisi Wakisii tuna heshima tunayoiita chinsoni, na mama wa mke wako humkodolei macho. Akipita, unageuka. Bhai alicheka mpaka akashika ubavu, lakini jina likabaki.

Baadaye treni zilianza kuwa chache, kisha zikakoma kabisa. Reli ikamezwa na majani. Macho ya Bhai yakaanza kufifia, na wanawe wakaja wakamchukua, wakampeleka Uingereza anakoishi sasa. Duka linauza simu siku hizi. Nikipita Masimba, nasimama kwenye kinu cha kusaga mahindi, kwa sababu injini yake ya dizeli ikipoa inatoa sauti ninayoijua.

"Mwalimu, unga yako imetoka kitambo," mwenye kinu huniambia.

"Najua," namjibu, na bado nasimama. Nadhani ananionea huruma, anafikiri nimeanza kusahausahau.

Bhai hunipigia simu Jumapili jioni. Haoni tena, wala hatoki sana. Mwaka huu nilimpa habari kwamba treni zimerudi kwenye ile njia, na kwamba vichwa vya zamani vimepakwa rangi mpya.

"Nenda Koru, Mwalimu," akasema. "Angalia kama Mama Mkwe iko hai. Mimi nataka kujua hiyo tu."

Nilikwenda Jumapili iliyofuata, peke yangu, na kabambe yangu mfukoni, simu isiyojua kurekodi chochote. Niliketi pale pale petu. Mama mmoja alikuwa akiuza mapera karibu na njia, nami nikala mapera na kusubiri. Sijawahi kuhisi upweke kama wa asubuhi ile. Hata nafasi ya kuketi ilikuwa kubwa mno.

Ndipo reli ikaanza kulia taratibu, kutoka upande wa Muhoroni. Nikasimama, nikafuta mikono, nikageuka. Mara ya mwisho tulipokuwa pale, aliyegeuka alikuwa Bhai. Zamu ilikuwa yangu. Sikuwaza lolote zaidi ya hilo. Nilifumba macho na kusikiliza, na nilipodhani nimesikia kikohozi, kimoja hakika, cha pili labda, niliinua mkono juu.

"Mama Mkwe," nikasema kwa sauti.

Mabehewa yakapita nyuma yangu, moja baada ya jingine, nami nikasubiri kwa heshima behewa la mwisho lipite ili niambiwe. Hakuna aliyesema kitu. Nilipogeuka, mkia wa treni ulikuwa ukiingia kwenye kona ya miwa.

Nilimkimbilia yule mama, nikamuuliza ni kichwa gani kilichovuta.

"Mzee, ni treni tu," alisema. "Kwani ilikuwa ikubebe?"

Jioni simu ikalia.

"Mwalimu, Mama Mkwe iko?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimekusudia hivyo njia nzima ya kurudi.

"Sijui, Bhai. Nilikuwa nimegeuka."



"Kweli, zamu ilikuwa yako," akasema. "Shahidi ndiyo hakukuja."

Nilitaka kumwambia arudi. Nikamuuliza kama huko kwao kunanyesha.