Usukani wa Kitindamimba

Waendesha pikipiki walimwita Mama Rudi, na jina hilo alilichuma mwenyewe. "Taa ya breki haiwaki. Rudi." "Tairi limekuwa kipara hili. Rudi." "Mnyororo unaning'inia, rudi." Pole hakuwa nayo, samahani ndiyo usiseme. Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye mstari wa pili wa kituo cha ukaguzi wa mwaka, koti la bluu limepauka mabegani, tochi mfukoni, na hakutokea mtu wa kumlainisha. Waliomjia na maneno matamu aliwakagua mara mbili, kwa kuwa mwenye maneno mengi, alisema, lazima ana kitu anakificha.

Hila zao alizijua zote. Alivijua vioo vya kuazima, vinavyohamishwa kwenye pikipiki sita kwa asubuhi moja. Aliyajua matairi yaliyopakwa rangi ya viatu ili yang'ae kama mapya. Lakini kilichomchefua hasa ni watu kusifia injini.

"Mama, mashine hii haijawahi kunilaza njiani! Kiki moja tu, inaitika."

"Basi itakuwahisha kwenye mti," alijibu bila kuinua uso.

Na hapo hakukosea. Pikipiki yenye injini sugu ndiyo inayoharibika kimyakimya kwingine kote, kwa sababu kila asubuhi mwenyewe anasikia mngurumo na kudhani ana chombo kizima. Breki zinaisha, taa zinakufa, beringi za usukani zinasagika, na injini wala haina habari.

Mdogo wake alikuwa na pikipiki ya namna hiyo hiyo. Ndiye kitindamimba wa nyumba yao, na Mama Rudi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimfungia kamba za viatu vya shule, akamchapa alipotoroka, na baadaye akaenda kumposea mke. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, anasambaza mikate madukani, makreti manne nyuma ya pikipiki yenye miaka kumi na moja. Kama kulikuwa na mtu wa kumfanya Mama Rudi acheke mpaka ashike mbavu, ni yeye peke yake.

Jumapili, siku tatu kabla ya ukaguzi wake, alifika kwa dada yake, akaiegesha pikipiki mlangoni.

"Dada, hebu njoo uishike hii kidogo. Kuna kitu kwenye..."

"Ishia hapo hapo."

"Ah! Hata sijamaliza."

"Na usimalize. Nikijua kitu leo, Jumatano nitakuwa nimekukagulia sebuleni kwangu. Peleka kwa fundi."

"Fundi atanifungulia kila kitu na kazi ilale. Wewe ukishika tu unajua."

"Nimesema kwa fundi. Ingia ule."

Akacheka, akaingia, akala. Mambo yakaishia hapo.

Kanuni ile aliitunga Mama Rudi mwenyewe: mkaguzi asiguse pikipiki ya ndugu yake, ampishe mwenzake wa mstari wa jirani. Ilikuwa kanuni nzuri, sikatai. Ila aliivaa kama nishani, na Jumapili ile aliivaa mbele ya mtu aliyekuja kuomba msaada. Kumsikiliza tu kungemnyima nini?

Jumatano kitindamimba akafika kituoni, amevaa shati la pasi kama anakwenda kuoa tena. Mama Rudi akamwita mkaguzi wa mstari wa kwanza. Huyu walimwita Mpole, mtu asiyeweza kumpa mwenzake habari mbaya bila kwanza kumuulizia watoto wake wote.

"Huyu ni mdogo wangu. Mkague wewe."

Akawapa mgongo, akaendelea na pikipiki iliyokuwa mbele yake. Nyuma yake akasikia Mpole akisema, "Karibu, mdogo wetu!" Akasikia honi mara moja, swichi ya taa, kicheko, halafu maongezi ya mpira. Halafu akasikia mhuri.

Mapema mno. Yeye mwenyewe alikuwa bado kwenye gurudumu la kwanza. Tena kuna kitu hakukisikia. Ili kukagua usukani, lazima uweke stendi ya chuma chini ya injini, gurudumu la mbele libaki hewani, kisha uzungushe usukani kulia na kushoto kwa vidole viwili. Stendi ile ikiburutwa sakafuni hulia mpaka meno yanakufa ganzi, na asubuhi hiyo haikulia. Mama Rudi alilijua hilo pale pale aliposimama. Akajiambia kugeuka ni kuingilia kazi ya mtu, na hakugeuka.

"Dada! Mimi sikurudi!" kitindamimba akapaza sauti, cheti juu. Foleni nzima ikaangua kicheko, na Mama Rudi naye akacheka.

Wiki tatu baadaye, saa mbili asubuhi, kwenye kona ya ghala la mbao, usukani ulikwama katikati. Pikipiki ikakataa kukata kona, ikanyoosha moja kwa moja chini ya lori. Madaktari walimkata mguu wa kulia juu ya goti.

Mabaki ya pikipiki yaliletwa kituoni. Mama Rudi aliiburuta stendi mwenyewe, akaliinua gurudumu la mbele, akagusa usukani kwa vidole viwili. Ulikwama. Akaurudisha, ukakwama palepale, kwenye shimo ambalo beringi zilikuwa zimelichimba kwa miezi mingi. Kuigundua kasoro hiyo hakukumchukua hata sekunde kumi.

Mpole alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya ofisi, macho mekundu.

"Dada, nilijua umeshaipitia nyumbani," alisema. "Nani angethubutu kuleta pikipiki mbovu kutoka kwako? Nilidhani nikiikagua tena nitakuwa nakudharau."

"Stendi hukuiweka."

"Sikuiweka."

"Najua."

Mpole akainua uso. "Ulijua?"

Mama Rudi akageuka, akaondoka. Alikuwa amekuja kumpiga kibao, na mkono haukunyanyuka.

Hospitalini wifi yake hakumwitikia salamu kwa wiki mbili. Aliwaambia majirani wa kila kitanda, kwa sauti ya kutosha, "Amerudisha pikipiki za dunia nzima, ya mume wangu ndiyo wakaipitisha." Mama Rudi aliyameza yote. Alileta uji, akaosha bakuli, akaondoka.

Siku moja wifi alipotoka kwenda kuchota maji ya moto, kitindamimba akamshika mkono.

"Dada, ile Jumapili nilitaka kukwambia usukani unakwama. Halafu ikapita ukaguzi. Nikasema basi, ni wasiwasi wangu tu, kama ingekuwa mbovu wangeiona." Akaukaza mkono wa dada yake. "Niambie kweli. Ungeishika wewe, ungejua?"

Mama Rudi aliliangalia shuka lilivyolala bapa upande wa kulia.

"Nisingejua," alisema. "Beringi zile hupasuka ghafla. Hazionekani."

Mdogo wake akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Maana nilikuwa nimeanza kukuchukia."

Watu wengine wangesema alidanganya ili kumpoza mgonjwa. Mimi nasema alijihurumia mwenyewe. Miaka kumi na tisa hakumwonea huruma mtu, na ya kwanza kabisa akajipa yeye.

Kesho yake askari wa ajali akaja na faili kuandika maelezo. Kama kasoro ingeweza kuonekana siku ya ukaguzi, kituo kingebeba lawama pamoja na gharama za matunzo ya majeruhi. Mama Rudi alilijua hilo kuliko wote waliokuwa wodini.

"Muulize dada yangu," kitindamimba akasema, karibu kwa kujivuna. "Yeye ndiye mtaalamu wao. Haikuwa ya kuonekana."

Askari akageuka. "Ni kweli, mama?"

"Ni kweli."

Akaandika, akampa karatasi. Mama Rudi akatia saini, na faili likafungwa.

Askari alipoondoka, wifi yake alizunguka kitanda polepole, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa analia.

"Wifi, nimekusema vibaya kwa watu. Hata salamu nilikunyima, kumbe huna kosa lolote. Nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema Mama Rudi.