Vasemaca hapeleki yaqona

Saa moja asubuhi, katika kiwanda cha samaki pwani ya Viti Levu, kisiwa cha Fiji, Vasemaca Tuilau anafunua matamvua ya jodari na kunusa. Miaka kumi na tisa sasa, hakuna kisu kinachogusa samaki mezani pake kabla ya pua yake.

"Huyu mzima," anawaambia wenzake ishirini na sita. "Yule ameoza, mpelekeeni bosi kwake."

Ukutani lipo bango: JIONGOZE MWENYEWE. Lilibandikwa Machi, baada ya semina ya meneja, Bwana Purdie.

"Alisema kila mtu awe kiongozi wa nafsi yake," anakumbuka. "Nikampigia makofi, mjinga mimi."

Wiki mbili zilizopita waliletewa tani mbili za samaki waliolala nje ya barafu. Vasemaca alinusa, akavuta kamba ya dharura, mkanda unaopitisha samaki ukasimama dakika arobaini. Maabara ilipima ikakuta uozo. Purdie akamwandikia barua ya onyo: amesimamisha kazi bila ruhusa.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hapa mwenye pua anaambiwa asubiri ruhusa. Inatia hasira.

Kilichomchoma zaidi kilitoka kwa mpwa wake Apisai, afisa wa wafanyakazi. Alimtaka amfanyie Purdie soro, desturi ya kuomba radhi: mkosaji hubeba mizizi ya yaqona, ya kinywaji cha heshima, huketi chini na kuomba msamaha.

"Yaishe, shangazi. Mkono mtupu haulambwi."

"Kati yangu na yeye, nani amekosa?"

"Yeye. Lakini ndiye bosi."

"Basi abebe yeye."

Apisai akacheka. Vasemaca hakucheka.

"Wewe nimekubeba mgongoni. Lini soro ikawa hongo ya kumlainisha mkubwa? Nikiipeleka, nimesema samaki wale walikuwa wazima. Kesho hawa wanawake watanusa uozo wanyamaze, na watoto wa watu wataula."

Apisai akarudi ofisini.

Jumatatu Vasemaca ataitwa ofisini. Asipoomba radhi, kazi imekwisha, na wajukuu watatu wanamtegemea. Anaogopa, na hafichi.

Anachotaka ni karatasi yenye sahihi ya Purdie, kwamba mwanamke yeyote wa meza hii akinusa uozo, avute kamba bila kumwuliza mtu. Akifukuzwa, anasema, jirani yake Litia ameshajua kunusa.

"Mwambieni Apisai nitaingia na mkono mtupu," anasema, akifunua matamvua mengine. "Siendi kulambwa."