Wiki Moja Chanika, Kumlaza Idi

Binti yangu Zaina alinipigia simu Jumapili asubuhi. "Baba, mtoto halali, na mimi silali," alisema, kisha nikamsikia analia. Mama yake ndiye angefunga safari, lakini tulimzika mwaka juzi. Nilibaki mimi, mkulima wa maharage niliyepata watoto wanne bila kumlaza hata mmoja. Nikajibu, "Nakuja," kabla sijajua nakwenda kufanya nini.

Jumatatu alfajiri niliondoka kijijini kwetu Mpale kwa pikipiki, nikiwa na kiroba cha maharage. Korogwe nilifika jua limeshachomoza, nikanywa chai stendi. Mama muuza chai akaniuliza naelekea wapi.

"Handeni, kusaidia kulea."

"Wewe, mzee?"

"Mimi."

Akanitazama kidogo. "Basi ukifika, mpokee mtoto kwanza. Mengine baadaye."

Ndani ya basi la Handeni nilikaa na msichana aliyepakata kichanga. Injini ikinguruma, kichanga kinalala. Basi likisimama kushusha abiria, kinafumbua macho. Niliona, nikacheka, nikasinzia na mimi.

Saa sita mchana nilifika Chanika, mjini Handeni. Zaina alikuwa mlangoni, macho mekundu, Idi wa miezi miwili analia begani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe mtoto."

Akanieleza huku amekaa sakafuni. Mumewe, Hamisi, ni fundi seremala. Usiku humwekea Idi sauti ya mvua kwenye simu, chini chini, mbali kidogo na kitanda, na mtoto hulala. Asubuhi Hamisi huenda kazini na simu yake, na mvua huondoka naye. Kisimu cha Zaina ni cha batani, hakina mvua. Na usiku wenyewe, Idi huamka kunyonya kila mara, kwa hiyo Zaina alitegemea mchana alale kidogo, asipate.

Siku ile nilimzungusha Idi uani, nikamwimbia. Akazidi kulia. Sikumlaumu, sauti yangu naijua.

Jumanne mchana Zaina alisinzia akisonga ugali. Mwiko ulimponyoka, mkono ukaponea chupuchupu motoni. Nikamwondoa jikoni, nikamwambia akalale. Idi nikamlaza chali kwenye mkeka wake pale chumbani, akapaza sauti. Sikuwa na ujanja mwingine. Nikachukua ungo, nikakaa mlangoni ninapomwona, nikaanza kupepeta maharage ya jioni.

Shaa, shaa. Kilio kikakatika.

Nikaacha ili nisikilize. Kikaanza upya. Nikapepeta tena.

"Baba," Zaina akasema kitandani, taratibu, "usiache."

Sikuacha. Idi alilala, mama yake akalala. Mabega yaliniuma mpaka alasiri. Jirani alikuja kuomba chumvi, akashika kiuno kuniangalia.

"Mzee, hayo si yameshatakata?"

"Tangu adhuhuri," nikanong'ona. "Nalaza watu wawili."

Akaondoka kwa kunyata, chumvi akaisahau.

Hamisi aliporudi alisimama kizingitini. "Leo nyumba imetulia, baba." Siku iliyofuata alirekodi ungo wangu kwa simu, akahamishia kwenye kiredio kidogo cha kadi, kibaki nyumbani. Alhamisi nilikijaribu, kikafanya kazi. Nilifurahi, ingawa nilikionea wivu kidogo.

Jumapili asubuhi, Zaina akinisindikiza stendi, uso wake ulikuwa umerudi. Alikuwa amepata usingizi wa mchana siku tano. Nikamuuliza, "Hivi mama yenu aliwalazaje? Wewe mkubwa, uliona alivyowalea wadogo zako."

"Alikuwa anawabeba mgongoni, anatwanga. Ndivyo walivyolala."

"Kila siku kulikuwa na cha kutwanga?"

"Hapana. Mara nyingi alitwanga kinu kitupu." Akanitengeneza kola ya shati. "Hukujua?"

Sikujua. Njia nzima mpaka Korogwe, na kutoka Korogwe kupanda Mpale, niliwaza jambo hilo moja. Wiki hii nimejifunza kwamba mtoto mchanga anaweza kulala vizuri akisikia mtu yuko karibu, anafanya kazi yake. Mimi miaka yote nilidhani anataka kimya. Na kila nilipotoka shambani nikakuta kinu kinalia, nilimfokea marehemu aache kutwanga, mtoto apate kulala.