Bunduki Yenye Ngozi ya Ng'ombe

Baba yangu ana bunduki ya mitutu miwili, aliyoinunua ujanani ili nguruwe pori wasimmalizie mahindi kule Kibakwe. Maskini, nguruwe hajawahi kumpata hata mmoja! Alichopata ni ng'ombe wa shemeji yake, yaani mjomba wangu, alfajiri moja yenye ukungu. Kwa aibu akaibamiza bunduki chini, kitako kikapasuka.

Mjomba angeweza kudai ng'ombe mwingine. Lakini kwetu shemeji ni mtani, na nafasi kama ile mtani haiachi. Alikata ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe yuleyule, na manyoya yake mekundu, akakizungushia kile kitako. Ulipokauka ukabana kabisa. "Sasa shemeji," akasema mbele ya watu, "kabla hujafyatua, muulize kwanza huyu kama unayemlenga ni ndugu yake."

Tangu hapo, kila akija kwetu aliisalimia bunduki kabla ya kumsalimia baba. Baba ananuna. "Iko siku nitaing'oa hii takataka!"

Basi mwaka jana nikafunga safari kutoka Miyuji, ninakoishi, na jambo moja tu kichwani. Fundi wa mjini alishaniahidi kitako kipya cha mninga, na mitutu ing'arishwe hadi ujione uso. Nikajiona mtoto mwema kweli kweli. Mama alinisikiliza, akasema tu, "Haya, kamwambie mwenyewe."

Baba alikuwa barazani, bunduki mapajani, anaifuta vumbi.

"Shikamoo baba. Ile takataka inatoka leo."

"Marahaba. Iache."

"Lakini baba, si umeilalamikia maisha yako yote?"

"Nilikuwa namlalamikia mjomba wako." Kiganja chake kilikuwa juu ya yale manyoya machache yaliyobaki. "Naye tumeshamzika. Sasa humu ndani hakuna anayenicheka. Mnanipa pole tu na kuniletea uji."

Jamani, iliniuma. Mtoto hamtanii baba yake, hilo nalijua, nimelelewa. Lakini nilivuta kigoda, nikamuuliza kwa adabu zote:

"Baba, hivi yule ng'ombe alikuwa anakula mahindi, au alikuwa anapita tu?"

Alinikazia macho, nikadhani leo nimevuka mpaka.

"Alikuwa amelala," akasema, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.