Mwalimu na Fundi Viatu

Jumamosi aliyotutoka Mwalimu, unga alioukanda mwenyewe asubuhi ulikuwa umeumuka hadi ukainua kifuniko cha beseni. Hatukujua tuuoke au tuumwage. Mwalimu alikuwa dada yangu mkubwa. Nawaandikia waumini wenzangu maisha yake kadiri ninavyoyaelewa, ingawa kuna mahali siyaelewi hata leo.

Alizaliwa mwaka 1951, kifungua mimba wa dereva wa lori na mama mfua nguo, katika chumba kimoja nyuma ya karakana. Asubuhi ya mtihani wa darasa la saba soli ya kiatu chake ilibanduka, na msimamizi akamrudisha mlangoni. Mtaa wa pili palikuwa na fundi viatu, mtu wa mkono wa kushoto. Fundi huyo alimvalisha viatu vya mteja ambaye hajaja kuvichukua. "Kimbia, mwanangu," alimwambia. "Mwenyewe akija nitajua la kumwambia." Dada alifaulu, akafundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne, na kila mwaka aliwasimulia watoto habari za fundi yule, bila kuuacha ule mkono wa kushoto.

Alipostaafu alirudi mtaa ule. Kibanda kilikuwepo, na mlango wake uleule wa bati, na ndani fundi. Alimpigia magoti barabarani, akamshukuru. Tangu siku hiyo alimpelekea mkate wa moto kila Jumamosi, akakaa kwenye kigoda kumtazama akifanya kazi. Ilikuwa hivyo miaka kumi na miwili. Majirani walitania: "Fundi, kula taratibu, utajing'ata vidole." Fundi alicheka, kisha akainama. Naye alikuwa akiwashonea wanafunzi viatu bure.

Mwalimu aliacha maagizo kwamba fundi atembee nyuma ya jeneza pamoja na ndugu. Asubuhi ya mazishi fundi alikuja mlango wa jikoni, akakataa kuingia.

"Dada, siwezi kutembea na nyie. Yule fundi wa zamani hakuwa mimi. Kibanda nilikinunua kwa mzee mmoja, alishafariki. Mwalimu alipopiga magoti nilibabaika, na njaa ilikuwa inaniuma, nikala. Jumamosi ya pili nikamwambia, 'Mwalimu, mimi siye.' Akasema, 'Kula kwanza, unapoa.'"

"Na baadaye?"

"Kila nikianza, kula kwanza. Nikaona basi niwashonee watoto, angalau nisiwe mwongo mtupu."

Nilimuuliza anashika nyundo kwa mkono gani. Akainua wa kulia. Nilipomweleza habari za mkono wa kushoto, alikaa kizingitini.

"Kwa hiyo alijua?"

"Sijui, kaka. Alikuwa anasahau sura za watu, hata mimi aliniita kwa majina ya wanafunzi wake."

"Sasa alikuwa ananishukuru nini?"

Nilichojua ni kwamba dada aliandika atembee nasi. Nikamwambia, "Mwalimu kasema. Utabishana naye leo?" Akasimama, akatembea.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nami sina muujiza wa kusimulia ila huu, ambao sijui kama ni muujiza au kosa. Anayetaka kumuiga na amshukuru aliyemtendea wema, na asiogope sana kukosea, akamshukuru mtu mwingine.

Kibanda hufunguliwa saa mbili asubuhi, na viatu vya shule bado vinashonwa bure.