Diskasi Watatu Mbele ya Kioo

Ukitaka kujua dada yangu ameamkaje, usimtazame usoni. Uso wake ni wa biashara, umezoea kucheka na wateja hata siku ya msiba. Mtazame vidole. Dada ni msusi, na akiwa na raha mteja husinzia kitini mpaka tumwamshe. Akiwa na wivu, anavuta. Mwaka ule wa samaki wateja walitoka saluni kwetu nyusi zimepanda juu, na wengine walipitia kununua dawa ya kichwa kabla ya kufika nyumbani.

Mimi ni mdogo wake. Naosha vichwa, nakausha, nafagia, na kusema ninachotaka, kwa sababu mshahara wenyewe haunizibi mdomo. Saluni yetu ni chumba kimoja kirefu. Ukuta mmoja una kioo kikubwa cha kujitazamia, chini yake rafu ya vitana na mafuta, na mbele yake viti vitatu. Mwisho kabisa ni beseni langu. Mlangoni, pembeni ya benchi la kusubiria, palikuwa na tangi la samaki wa mchanganyiko, wale wadogo wepesi wenye mikia ya mapambo, pamoja na kambare wa urefu wa kidole kimoja wanaoshinda wakilamba mchanga. Dada alilinunua miaka mingi nyuma ili watoto wa wateja watulie. Aliyelipenda zaidi ni binti yake mwenyewe, ambaye sote tunamwita Chiriku, kwa kuwa tangu aanze kusema hajanyamaza.

Chiriku alikuwa akilisha samaki asubuhi na kuwasimulia habari za shule. Halafu baba yake, aliyekuwa shemeji yangu, akaoa tena. Alimwoa fundi wa mapazia, mwanamke mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Dada hakuwahi kulitaja jina lake. Alimwita Huyo. Huyo kafanya hivi, Huyo kasema vile. Mimi nikamwita Huyo pia, maana damu ni nzito kuliko maji.

Huyo alikuwa na samaki. Si hawa wetu wa kupepea mikia. Alifuga diskasi, samaki bapa wa mviringo kama sahani, rangi ya chungwa lililoiva, wenye mistari ya buluu inayopinda usoni. Chiriku alikuwa akienda kwa baba yake mwisho wa juma, na kila Jumatatu alirudi na diskasi mdomoni. Mama, diskasi wanakula mkononi mwa mtu. Mama, diskasi wanamtambua anayewalisha. Mama, kule wapo sita na wanaogelea pamoja kama kwaya inayoingia ukumbini. Dada alikuwa anasuka, anaitikia "enhe, enhe," na mteja anang'ang'ania mikono ya kiti.

Siku moja mtoto akasema, "Mama mdogo anasema maji yao hubadilishwa kila mara." Niligeuka kutoka beseni langu. Mimi sikusema kitu kama hicho. Mama mdogo wa mtoto yule ni mimi, tangu yuko kwenye nepi, na sikujua kwamba cheo changu kimepata mtu wa pili. Nilikasirika mpaka nikamkausha mama wa watu masikio. Kwa hiyo ninaposema dada alikuwa na wivu, simwongelei kutoka mbali.

Kisha likaja jambo lenyewe. Chiriku alikuwa anaingia shule mpya, na shule hiyo iko karibu na nyumbani kwa baba yake, mbali na kwetu. Baba akapendekeza mtoto ahamie kwake siku za masomo. Wakakubaliana, dada akiwa amekunja uso, kwamba mtoto mwenyewe aseme anachotaka kabla shule hazijafunguliwa. Tangu hapo dada hakulala vizuri. Alisubiri mtoto aseme, na mtoto, aliyejaliwa maneno ya watu watatu, juu ya hilo hakusema. Aliongea samaki tu.

"Mtoto ataniacha kwa ajili ya samaki," dada aliniambia. "Nimzae mimi, nimnyonyeshe mimi, halafu nishindwe na sahani zinazoogelea."

Akauza draya ya zamani iliyokuwa stoo, akaenda kwa muuza samaki. Nilifuatana naye. Muuzaji akamuuliza kama amewahi kufuga diskasi, dada akajibu ni kazi yake ya miaka. Muuzaji, ambaye nadhani hakumwamini, akaeleza hata hivyo: wanataka maji ya moto kidogo kuliko samaki wengine, wanataka kukaa kundi kubwa, wanakula polepole, na wakichanganywa na samaki wepesi hubaki na njaa. Yote yaliingilia sikio hili yakatokea lile. Dada alikuwa akiwala diskasi kwa macho. Pesa zilitosha watatu.

Watatu. Na Huyo ana sita. Njia nzima dada aliihesabu upya mifuko ya maji mapajani mwake, na mimi niliijua sababu bila kuuliza. Tulipofika, akasimama katikati ya saluni, akatazama tangi pale mlangoni, akatazama kioo kikubwa. Uso ukamng'aa.

"Tulihamishe," akasema.

Tulichota maji kwa ndoo, tukabeba tangi wawili huku tukigombana, tukaliweka juu ya rafu, mgongo wake ukielekea kioo. Diskasi wakaachiwa humo pamoja na wenyeji. Dada akarudi nyuma hatua chache na kuhesabu kwa kidole: watatu ndani ya maji, watatu ndani ya kioo. Sita. Alicheka kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia, dada, mtoto ana macho. Akanijibu kwamba nina roho ya korosho.

Kwa siku chache saluni ilijaa. Watu waliosukwa juzi walikuja kuomba kusukwa tena. Hata mwuza viatu wa jirani, ambaye kichwa chake hakina unywele, alikuja kukaa benchi. Lakini samaki wenyewe walikuwa taabani. Chakula kikitupwa, wale wadogo wepesi wanakimaliza kabla diskasi hawajageuka. Rangi ya chungwa ikaanza kufifia, miili ikaingia weusi kama chapati iliyosahaulika jikoni. Wawili wakajibana nyuma ya hita ya kupashia maji. Wa tatu, mkubwa wao, ambaye mwuza viatu alimpa jina la Mheshimiwa, hakujificha. Alisimama mgongoni mwa tangi, uso kwa uso na kioo, akatandaza mapezi na kupiga. Akarudi nyuma, akapiga. Kutwa nzima. Mdomo ukachubuka mpaka ukawa mweupe.

Mteja akauliza, "Huyu anapigana na nani?" Dada akasema anacheza.

Jumatatu Chiriku akaja. Alisimama mbele ya tangi begi likiwa bado mgongoni. Dada alikuwa amevaa gauni zuri kwa ajili ya dakika ile. Mtoto akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Mama, hawa wanaogopa."

"Wa huko hawaogopi?"

"Wa huko..." Chiriku akanyanyua macho, akamwona mama yake ndani ya kioo, akafunga mdomo. Akaenda kufanya kazi ya shule kwenye benchi. Dada akarudi kwa mteja wake na kuvuta mpaka yule mama akamwomba Mungu.

Mimi ndiye niliyempigia Huyo simu. Sikumwambia dada. Niliona Mheshimiwa atakufa pale mbele ya mtoto, na hilo lingekuwa ushindi wa Huyo kuliko ushindi wote. Nilijitambulisha kwa ukali, nikasema nina swali la samaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema swali kama hilo halijibiwi bila kuona, angepita kesho yake asubuhi.

Akaja kweli, futi ya kupimia mapazia ikimning'inia shingoni. Dada alimwona mlangoni, mikono ikasimama. Kisha ule uso wa biashara ukapanda mahali pake.

"Karibu," akasema. "Unasuka au unaosha?"

"Nimekuja kuona samaki, dada, kama unaniruhusu."

Dada alinitazama. Mimi nikaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Huyo hakukaa wala kutoa hotuba. Alisogea kwenye tangi na, tofauti na sisi sote, hakumtazama samaki. Alitazama kule samaki alikokuwa anatazama. Akaweka kiganja kati ya tangi na kioo. Mheshimiwa akapunguza kutandaza mapezi, akayumba kidogo, akatulia.

"Anajiona," Huyo akasema. "Anadhani kuna mwingine amekuja kumnyang'anya wenzake. Hawezi kula wala kulala, kazi yake ni kumzuia huyo asipite."

Nilitazama sakafu. Dada naye alitazama kitana alichoshika. Palikuwa na mteja kitini, nywele nusu, naye akageuza shingo amwone Mheshimiwa vizuri.

"Basi funika," dada akasema mwishowe.

Huyo alipima kwa futi yake, akatoka, na mchana akarudi na pazia la kitambaa kizito chenye rangi ya maziwa. Hakulitia nakshi yoyote. Alilitundika juu ya kioo, nyuma ya tangi na mbele ya kiti cha katikati, ambacho ndicho kiti cha dada cha siku zote. Akaongeza moto wa hita, akatuonyesha kuwalisha wale wepesi upande mmoja ili diskasi wale upande mwingine. Kabla ya kuondoka akasema watatu ni wachache; mkubwa akikosa wa kwenye kioo atamgeukia mdogo wao. Yeye angeweza kuleta wawili wa kwake.

"Asante, nitafikiria," dada akajibu. Katika familia yetu hiyo ni hapana. Lakini alimsindikiza mpaka mlangoni, na hilo sikulitegemea.

Mwisho wa juma uliotangulia kufunguliwa kwa shule, Chiriku hakwenda kwa baba yake. Alitakiwa kusukwa. Tulikuwa tumeshafunga, tuko watatu tu. Mheshimiwa alikuwa amekula asubuhi ile, na rangi ya chungwa ilianza kumrudia mgongoni. Mtoto akakaa kiti cha katikati, mbele ya pazia. Miaka yote alisukwa akiwa ameelekea kioo, anamwona mama yake na mama yake anamwona. Siku ile mbele yao palikuwa na kitambaa tu.

Dada akamgawa nywele, akaanza nyuma ya shingo. Alisuka mistari kadhaa. Nilikuwa nakunja taulo na kujifanya sipo.

"Mama," Chiriku akaliambia pazia. "Nataka kukaa kwa baba siku za shule. Ijumaa narudi."

Vidole vikasimama. Nilisubiri kilio, au kofi, au ile sauti ya biashara.

"Kwa sababu ya samaki?" dada akauliza.

"Samaki?" Mtoto alishangaa kweli. "Kwa sababu shule ni karibu, sitachelewa. Mimi siwapendi sana wale samaki, mama. Hawaongei."

"Sasa mbona kila siku ni diskasi, diskasi?"

Chiriku akajikuna mstari mpya shingoni. Kisha akasema, "Nikikuambia kitu kingine cha kule, uso wako unabadilika. Naona kwenye kioo. Nikisema samaki ndio haubadiliki sana."

Taulo lilinidondoka. Dada alisimama nyuma ya mtoto wake, kitana mkononi, na uso ambao kwa bahati nzuri mtoto hakuuona. Mimi niliuona. Ulikuwa umevunjikavunjika wote, biashara yote imetoka. Aliuma midomo. Akajifuta macho kwa bega, kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta.

"Basi niambie," akasema, na sauti akaishika vizuri. "Niambie ya kule. Yote isipokuwa samaki."

Mtoto akaanza polepole, kama anayejaribu maji kwa mguu. Kwamba chumba chake kina dirisha la barabarani. Kwamba baba anakoroma hadi masufuria yanaitikia, na dada akasema hilo alilijua kabla mtoto hajazaliwa. Kwamba mama mdogo wa kule anaimba akishona, tena anaimba vibaya. Dada akacheka, na mimi nikacheka kwa sauti zaidi, kwa sababu zangu. Mistari ikaendelea, myembamba, iliyonyooka.

"Na nikichelewa," Chiriku akasema, sasa amesahau woga, anatiririka, "mama mdogo wa kule anasimama dirishani mpaka anione. Hata chakula hali. Siku ile nilipougua alikaa na mimi kitandani, akanishika kichwa hivi, akani... mama, unavuta."

Dada akaangalia vidole vyake mwenyewe. Akavilegeza kimoja kimoja.

"Pole, mwanangu," akasema. "Endelea."